Umerudi na Nini?

Riwaya mbili za Kiswahili ambazo ningekununulia leo, kama pesa ingekuwepo, zinaanza na mtu aliyekamatwa na sheria. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) mtu huyo ni Karama. Kosa lake ni kufundisha watu uanasheria. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ni Dzombo. Huyu kesi yake imekwisha. Amehukumiwa kifo, na namna ya kumuua ni kumfungia ndani ya chombo cha angani na kumrusha huko juu asirudi. Kati ya vitabu hivi kuna miaka 44, mpaka wa nchi, na bendera mbili za uhuru. Lakini mwendo ni mmoja: mtu anajikuta mikononi mwa wenye nguvu, halafu hadithi inaondoka duniani.

Kwa nini hadithi zetu za kwenda mbali zinaanzia kortini? Swali hilo limenisumbua kwa muda, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu. Pia ni orodha ya vitabu. Ukifika mwisho utakuwa na kadhaa vya kutafuta, na mpangilio wa kuvisoma.

Kwanza wacha niseme nilivyofika hapa.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikatika, na baada ya karo kukatika hamu nayo ikakatika. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa karo peke yake. Kwa miezi minane sikumwambia mama. Yeye yuko Voi, mimi niko Umoja, na kwa simu ni rahisi kusema masomo yanaendelea vizuri. Nyumba nilikuwa nalipa kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Yaani mimi niliyeshindwa kumaliza digrii yangu nilikuwa nawamalizia watu wengine za kwao. Desemba ikafika, nikashuka nyumbani, nikamwambia. Mama hakupiga kelele. Alimaliza kuchambua mchicha, akaniangalia, akauliza, "Sasa baba, miaka yote hiyo, umerudi na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "sijui mama," tukala.

Januari nikiwa Nairobi nikapita kwa jamaa anayepanga vitabu vya mitumba juu ya gunia, kando ya Mtaa wa Tom Mboya. Kati ya miongozo ya KCSE na vitabu vya namna ya kutajirika kulikuwa na Walenisi, jalada limeng'oka upande mmoja. Nikauliza bei. "Hiyo ya kitambo? Leta themanini." Nikasema hamsini. Alikubali haraka mno, nikajua ningeanza na thelathini. Nilikifungua ndani ya mat nikielekea Umoja na nikapitiliza steji yangu. Sikuwa najua kwamba kuna riwaya ya Kiswahili yenye mtu ndani ya roketi. Miaka kumi na miwili ya kusoma Kiswahili darasani, na hakuna aliyeniambia.

Na siko peke yangu. Kaa na wasomaji wa rika letu hapa mjini, uliza ni riwaya gani iliwakoroga akili. Utatajiwa Dune ya Frank Herbert, 1984 ya George Orwell, The Dispossessed ya Ursula K. Le Guin, Kindred ya Octavia Butler. Vitabu vizuri sana, sina ugomvi navyo. The Dispossessed nimeisoma mara mbili na nitakurudisha kwake hapo chini. Lakini ukiuliza za Kiswahili, watu wanacheka kidogo. Kiswahili ni kile cha mtihani: taja sifa nne za mhusika, jadili maudhui ya ufisadi, alama ishirini. Tulifundishwa kuzikata riwaya vipande kama nyama ya mshikaki, na mtu aliyekula mshikaki hawezi kukuambia ng'ombe alikuwa na rangi gani.

Basi turudi nyuma.

Msafiri anayekwenda mahali pasipofikika na kurudi na habari hakuletwa kwetu na filamu za Marekani. Waswahili wa pwani wamekuwa na tenzi za Miraji, safari ya Mtume kupaa mbinguni usiku mmoja, muda mrefu kabla mtu yeyote hajapanda roketi. Wamekuwa na hadithi za Sindbad wa Alfu Lela Ulela, baharia anayerudi Baghdad akiwa na maajabu ambayo majirani hawajui wayaamini au vipi. Wakoloni nao walipoanza kusanifisha Kiswahili miaka ya 1930, mojawapo ya vitabu walivyotafsiri kwa ajili ya shule ni Safari za Gulliver. Kwa hiyo msomaji wa Tanganyika au Kenya wa miaka hiyo alikuwa na mabaharia, malaika na vijitu vya Lilliput katika kichwa kimoja.

Shaaban Robert aliandikia msomaji huyo. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Fikiria kazi hiyo. Asubuhi unaandika barua za Mwingereza kwa mwandiko mzuri, unazipiga muhuri, unaziweka kwenye faili. Jioni unakaa nyumbani na unaandika juu ya nchi inayoelea angani ambako watu wa serikali hawataki kusikia habari yoyote kutoka nje.

Nchi hiyo ndiyo Kusadikika. Karama anaposhtakiwa hajitetei kwa kusema hakufanya. Anaomba asikilizwe kwa siku sita, na siku hizo anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa upande wake. Mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mmoja akapelekwa mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akaona jinsi watu wengine wanavyoishi, akarudi na mapendekezo ya kuinufaisha nchi yake. Na kila mmoja aliporudi alitupwa gerezani.

Soma hiyo tena polepole. Serikali inamtuma mtu kwenda kuona. Anakwenda, anaona, anarudi kusema alichoona, na kosa lake ni kurudi na jibu. Nilipofika hapo nilimkumbuka mama na mchicha wake, nikafunga kitabu kwa muda.

Wengi tumefundishwa kwamba Shaaban Robert alitumia nchi ya kubuni ili kuwakwepa wakoloni. Inawezekana, lakini mimi nadhani jibu hilo linamaliza mjadala mapema mno. Mtu anayejificha hampi mshtaki wake jina la Majivuno. Mtu anayejificha haiiti nchi yake Kusadikika, yaani nchi unayoweza kuisadiki. Hata afisa wa kikoloni aliyejua Kiswahili cha kuagizia chai angeelewa. Kitabu hakijifichi. Kinafanya kile ambacho mtu hufanya kortini: kinatoa ushahidi. Hakimu anakuuliza, unasema mambo yanaweza kuwa tofauti, umeona wapi? Na mwandishi anajibu, nimefika, nimeona, hebu nikueleze.

Historia nayo ikaongeza shahidi wake. Novemba 1951, mwaka ule ule wa kitabu, serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Arusha kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao itumiwe na walowezi kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru walichanga pesa zao wenyewe na kumtuma mmoja wao, Kirilo Japhet, mpaka New York kwenye Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Waingereza walitakiwa kujibu huko. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini na kueleza. Alirudi bila ardhi. Lakini aliporudi alisimulia, na kesi ile ikawa moja ya mambo yaliyowaamsha watu kabla TANU haijaundwa 1954.

Sisemi Shaaban Robert alitabiri. Kitabu chake kilikuwa kimeshaandikwa. Nasema kwamba mwaka ambao Mtanganyika alilazimika kuvuka bahari ndipo asikilizwe kuhusu shamba lake, hadithi ya wajumbe sita haikuwa ndoto ya mtu asiyetaka kuishi duniani.

Kama Kusadikika itakunasa, fuatisha Kufikirika, iliyotoka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Humo kuna mfalme asiye na mrithi, waganga wanaotaka kafara ya mwerevu na mjinga, na mwalimu wa mwana wa mfalme anayeachishwa kazi kwa sababu aliingiza michezo katika masomo. Kwa mtu aliyewahi kukaa katika darasa la Kenya na kuhisi anageuzwa kuwa mashine ya kujibu maswali, kitabu hiki ni rafiki. Na mwaka huo huo wa 1967 Fortunatus Kawegere alitoa Shamba la Wanyama, tafsiri yake ya Orwell, ikachapishwa hapa Nairobi. Ukitaka kuona jinsi Kiswahili kinavyoweza kubeba kejeli ya siasa kana kwamba ilizaliwa humu humu, isome hiyo badala ya ile ya Kiingereza uliyosoma shuleni.

Sasa tuje Kenya, ambako hadithi inakuwa nzito.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa anayeitwa Abdilatif Abdalla aliandika karatasi ya siasa yenye kichwa cha maneno mawili: Kenya: Twendapi? Hakuweka nchi angani. Hakubuni mfalme. Aliuliza tu, kwa jina la nchi yake, tunakwenda wapi. Alifungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoandika kwa siri akiwa gerezani yalitoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ukiweka jambo hilo katika riwaya mhariri atakuambia umetia chumvi.

Miaka ya 1980 mambo yalibana zaidi. Juni 1982 katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti kukawa na jaribio la mapinduzi. Mwaka 1986 ukaja msako wa Mwakenya, na watu wakaanza kupotelea katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Matigari. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia kwamba serikali ilisikia kuna mtu anaitwa Matigari anayezunguka akiuliza watu kuhusu ukweli na haki, ikatoa amri akamatwe. Polisi walipogundua kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu, Februari 1987 walikikamata kitabu madukani.

Ndani ya mwaka ule wa 1986 alikamatwa pia Katama Mkangi. Alikuwa Mgiriama... hapana, wacha niseme tu alikuwa mtu wa Kilifi, mana hata wenyeji hubishana nikitaja kijiji. Alikuwa mhadhiri wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na alikuwa amekwisha kuandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akaachiliwa 1988. Hakukuwa na kizimba, hakukuwa na siku sita za kujieleza. Karama wa Kusadikika alikuwa na bahati kuliko yeye.

Walenisi ilitoka miaka saba baadaye. Ukijua mwandishi alikotoka, ile roketi inabadilika sura. Kumfungia mtu ndani ya chombo, peke yake, na kumtoa kabisa katika ulimwengu wa watu: hicho ndicho kizuizini. Waliomhukumu Dzombo wana hakika atakufa huko, kama wengine. Kinachomwokoa si muujiza na si silaha. Anatuliza akili. Badala ya kulia anaanza kukisoma kile chombo, kinaendeshwaje, kitufe hiki ni cha nini, mpaka adhabu yenyewe inageuka kuwa usafiri. Anafika kwenye sayari ya Walenisi, ambako hakuna bwana wala mtwana na kazi ni ya wote. Ukilitamka jina la sayari polepole utalisikia: wale ni sisi.

Huko ndiko ninakotaka umkutanishe na Le Guin. The Dispossessed ilitoka 1974 na ina mwanafizikia anayetoka kwenye mwezi wa watu wasio na serikali wala mali, akaenda kwenye sayari ya matajiri. Mkangi anakwenda kinyume: mtu anatoka kwenye dhuluma akaenda kwa walio sawa. Le Guin anashuku zaidi. Anakuonyesha jinsi hata watu walio sawa wanavyoweza kubanana. Mkangi hana nafasi ya kushuku hivyo, na hapo ndipo wengine humpiga: wanasema riwaya inahubiri, wahusika wanatoa mihadhara, Walenisi ni kama semina isiyoisha. Nakubali. Kuna kurasa niliruka. Lakini mtu aliyekaa kizuizini miaka miwili bila hakimu kumuuliza chochote, akitoka ana mengi ya kusema, na mimi niko tayari kumsikiliza hata anapopitiliza. Mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya, akapata kura chache sana. Alifariki 2004 katika ajali ya barabarani. Mtu aliyeandika namna ya kuvuka anga aliuawa na barabara zetu, na sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo.

Kufikia hapa ningeweza kusimama na kusema, basi, jibu limepatikana: tunaondoka duniani ili kurudi na ushahidi. Lakini kuna mwandishi mmoja anayeharibu hesabu hiyo, na ndiye ninayempenda kuliko wote.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwani ndani ya Ziwa Viktoria. Riwaya zake za kwanza ziko ardhini kabisa. Rosa Mistika (1971) iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kichwamaji (1974) ina kijana wa chuo kikuu, Kazimoto, ambaye elimu imemfungua macho kisha ikamwacha bila sababu ya kuamka asubuhi. Kama uko chuoni na siku zako ni mbaya, usikisome hiki peke yako usiku. Nasema kwa upendo. Kisome na mtu, mkizungumze. Gamba la Nyoka (1979) inaangalia vijiji vya ujamaa na jinsi ndoto nzuri inavyoweza kufika kijijini ikiwa na bunduki.

Kisha Kezilahabi akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akamaliza uzamivu 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kusoma fasihi. Akarudi. Huyo ndiye mjumbe halisi: ametumwa, amevuka bahari, amesoma wakubwa wote. Umerudi na nini, Mwalimu?

Alirudi na Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu viwili vyembamba, kila kimoja chini ya kurasa mia. Katika Nagona msafiri anapita katika nchi iliyokauka na kuingia mji wa ukimya. Humo wamo kina Socrates, Plato, Nietzsche na Marx. Wamo wote, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia aelekee wapi. Wakosoaji wamevigombania vitabu hivi tangu vitoke. Wengine walisema si riwaya, ni mafumbo ya mtu aliyewasahau wasomaji wake. Mimi nilisoma Nagona mara ya kwanza nikaelewa labda theluthi moja. Mara ya pili niliacha kutafuta maana ya kila kitu na nikaifuata kama unavyofuata ndoto, hapo ikafunguka.

Angalia mwaka tena. Ukuta wa Berlin umeanguka 1989. Ujamaa Tanzania umechoka, na 1991 Azimio la Zanzibar litalegeza masharti ambayo Azimio la Arusha liliwawekea viongozi. Ramani zote mbili kubwa ambazo dunia ilikuwa inagombania zilikuwa zimechanika mikononi mwa watu. Shaaban Robert aliweza kusema, wajumbe wameona sheria nzuri kwingine. Mkangi, hata baada ya kizuizi, aliweza kusema, kuna sayari ya walio sawa. Kezilahabi alikuwa mkweli kwa namna nyingine. Alisema, nimefika hadi mwisho, wakubwa wote wako kimya, itabidi tuanze kufikiri upya. Huo pia ni ushahidi. Shahidi anayesema "sikuona" naye ameapa.

Waliomfuata walifuata njia hiyo ya ndoto, kila mtu na safari yake. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba ambaye wengi tunamjua kwa Utengano tu, alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Humo kigogo anayeitwa K anaishi kwa raha zake, mpaka babu yake aliyekufa anamjia na kumtembeza aone hali ya nchi ambayo yeye na wenzake wameila. Hapa mjumbe hatumwi mbali. Anaburutwa katika nchi yake mwenyewe, maana hajawahi kuiona. Mwaka uliofuata Kyallo Wadi Wamitila alichapisha Bina-Adamu! hapa Nairobi. Msafiri wake anaongozwa na sauti ya msichana anayeitwa Hanna, anazunguka mabara akimtafuta P.P., na P.P. ni Peter Pan, yule mtoto aliyekataa kukua, ambaye sasa anaichezea dunia nzima kama kijiji chake. Kumbuka mwaka 2002 kila mkutano ulikuwa unaimba utandawazi. Wamitila aliuliza, katika kijiji hicho kimoja, chifu ni nani?

Utakuwa umeona kwamba hawa wote ni wanaume. Nimeliona pia, na sina njia ya kulipamba. Katika mstari huu wa riwaya za Kiswahili za kupaa, wanawake wamekuwa ndani ya vitabu, kama sauti ya Hanna inayomwongoza mwanaume, kuliko kwenye jalada. Mwanamke aliyeiendeleza safari hii aliiendeleza kwa kamera. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika ishirini hivi. Vita vya maji vimekwisha, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililozibwa, na kutoka nje ni marufuku. Asha anapata udongo wenye uhai, anaomba ruhusa ya kwenda kuona, ananyimwa, anakwenda. Mazungumzo ni ya Kiingereza, lakini jina ni la kwetu na mwendo ni ule ule wa Karama: walioko juu wamesema huko nje hakuna kitu, na mtu mmoja anataka kwenda kuhakikisha. Riwaya ya Kiswahili ya msichana huyo bado haijafika mikononi mwangu. Kama unaiandika, tafadhali maliza.

Sasa mpangilio niliokuahidi. Anza na Kusadikika. Ni fupi, na lugha yake ukiisoma kwa sauti inakunyoosha mgongo. Halafu Walenisi, na baada yake The Dispossessed uzilinganishe. Pumzika na Shamba la Wanyama. Kisha Babu Alipofufuka, ambayo inasomeka haraka. Bina-Adamu! baada ya hapo, maana inakuzoesha hadithi isiyofuata barabara. Nagona iwe ya mwisho, na uisome mara mbili kabla hujasema hujaielewa. Vingine ni vigumu kupata. Tafuta maktaba, ulizia kwa wauza mitumba, omba kwa mwalimu mzee wa Kiswahili mtaani kwenu. Hao walimu wanavyo, na hakuna anayewauliza.

Pasaka iliyopita nilishuka tena Voi na Kusadikika mfukoni. Mama alisoma shule hadi darasa la nane, na macho yake sasa hayapendi maandishi madogo. Nikamsomea jioni, siku ya kwanza ya kesi, kisha ya pili. Siku ya tatu aliniuliza mwenyewe, "Yule kijana, wamemfunga au bado?" Tulipofika wajumbe wote sita wako gerezani, akatikisa kichwa na kusema, "Si wangewasikiliza kwanza."

Nikasema ndiyo, mama. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata, kwa sababu alikuwa anangoja.